Zamu za Hasara: Fani ya Deni na Mtaji katika Mizania ya Benki

Mizania ya benki ni matini fupi. Aghalabu haizidi ukurasa mmoja: safu ya mali, safu ya madeni na mtaji, na jumla mbili zinazolazimika kulingana. Wasomaji wengi huishia kwenye safu ya mali, kwa sababu huko ndiko iliko mikopo, dhamana za serikali na majengo. Safu ya pili huitazama kama orodha tu ya mahali zilikotoka fedha. Hata hivyo, ufundi umelala katika safu hiyo ya pili. Juu zimekaa amana za wateja. Inafuata mikopo kutoka benki nyingine, kisha hatifungani za kawaida, kisha deni nyonge, yaani lile ambalo mkopeshaji amekubali kulipwa baada ya wadai wengine wote, na mwisho kabisa mtaji wa wanahisa. Ukiisoma safu hii kutoka juu kushuka chini, unapata vyanzo vya fedha. Ukiisoma kutoka chini kupanda juu, unapata msuko: nani atabeba hasara ya kwanza, nani ataipokea ikimshinda huyo, na nani ameahidiwa kwamba haitamfikia kabisa.

Benki inapoamua kati ya deni na mtaji, inaongeza mstari katika msuko huu, na kila mstari huja na zamu yake. Wakuu wa fedha hupenda kuueleza uamuzi huo kwa bei. Dai langu ni kwamba kabla ya bei kuna swali jingine, nalo ni la aina ya upungufu: je, benki imepungukiwa ukwasi, yaani fedha za kulipa wadai leo, au imepungukiwa mtaji? Jibu la mojawapo haliwezi kulitosheleza la pili, hata likiandikwa kwa ustadi wa namna gani. Nitalipima dai hili kwa kusoma kifungu kimoja tu, kile kilichozifuta hatifungani za benki ya Uswisi, Credit Suisse, tarehe 19 Machi 2023.

Tuanze na jambo ambalo nadharia za jumla hulipita haraka. Kiwanda cha saruji kikikopa, mkopo ni njia ya kupata tanuri. Bidhaa yake ni saruji. Benki ikipokea amana, deni lenyewe ndilo bidhaa. Mteja anayepitishia mshahara wake benki amepewa ahadi kwamba ataupata wakati wowote autakapo, na ahadi hiyo, kwa lugha ya mizania, ni deni. Kwa hiyo benki haianzi ikiwa tupu, ikajiuliza ikope au iuze hisa. Huanza ikiwa imekwisha kukopa mara nyingi kuliko mtaji wake, na mtaji hukaa chini ya safu ili hasara isimfikie huyo mwenye mshahara.

Franco Modigliani na Merton Miller walionyesha mwaka 1958 kwamba, katika ulimwengu usio na kodi wala gharama za kufilisika, thamani ya kampuni haibadiliki kwa kubadilisha uwiano wa deni na hisa. Kwa mhakiki, uzuri wa hoja yao umo katika masharti yake, maana kila sharti linatuelekeza mahali ambapo upendeleo huingia duniani kwetu. Riba hupunguza faida inayotozwa kodi, gawio halipunguzi. Amana zina bima, kwa hiyo mwenye amana ndogo hadai nyongeza kila benki inapozidisha hatari. Ndiyo maana deni la benki huonekana rahisi: sehemu ya gharama yake inabebwa na mtu asiyetajwa popote katika mizania. Anat Admati na Martin Hellwig walilisema hili kwa ukali katika The Bankers' New Clothes, kitabu chao cha mwaka 2013, na sijasoma jibu la wenye benki lililoizidi nguvu hoja yao.

Ndani ya vyumba vya bodi upendeleo huo husimuliwa kwa hesabu, na hesabu hiyo ina mvuto wake. Chukua benki yenye mali ya bilioni 100 na faida ya bilioni 1.5. Mtaji ukiwa bilioni 10, kila shilingi mia ya mwanahisa imezaa shilingi 15. Mtaji ukiwa bilioni 15, na faida ikabaki karibu ileile, imezaa shilingi 10. Hiyo ndiyo hoja nzima ya kwamba mtaji ni ghali, na udhaifu wake ni wa usimulizi: inayataja mavuno na kuinyamazia hatari. Mwanahisa wa shilingi 15 hufutika hasara ikifika bilioni 10, ilhali mwenzake bado amesimama.

Kisha kuna suala la upokezi. Stewart Myers na Nicholas Majluf walieleza mwaka 1984 kwamba wasimamizi wanaijua kampuni kuliko wanunuzi wa hisa, hivyo tangazo la kuuza hisa mpya husomwa sokoni kama ungamo: wenye kujua ya ndani wameona bei ya leo inafaa kuuzia. Bei hushuka kabla fedha hazijaingia. Ndiyo sababu faida isiyogawiwa hutangulia, deni hufuata, na hisa huachwa mwisho. Kwa kampuni ya kawaida mfuatano huo unatosha. Kwa benki hukatizwa na mdhibiti, ambaye ni mwandishi mwenza wa safu yote ya pili.

Masharti ya Basel III, kanuni za kimataifa za mtaji wa benki, hufanya kazi ambayo vina na mizani humfanyia mshairi: hayamwambii aseme nini, lakini yanaamua ni maneno gani yatakaa. Mtaji wa hisa usipungue asilimia 4.5 ya mali zilizopimwa kwa hatari. Mtaji wote wa daraja la kwanza usipungue 6. Mtaji mzima usipungue 8. Na juu yake iwekwe kinga ya 2.5. Kenya imeandika mizani mikali zaidi, asilimia 10.5 kwa mtaji msingi na 14.5 kwa mtaji mzima, kinga ikiwa ndani.

Sasa itazame benki ya Nairobi inayotaka kutoa mikopo mipya ya shilingi bilioni 100, yote ikihesabiwa kwa hatari kamili, huku ikiwa haina ziada ya mtaji. Bilioni 14.5 lazima ziwe mtaji. Kati ya hizo, bilioni 10.5 ni mtaji msingi: hisa, au faida iliyobakizwa. Bilioni 4 zinaweza kuwa deni nyonge la muda mrefu. Bilioni 85.5 zilizobaki zitatoka kwenye amana au hatifungani za kawaida. Uamuzi ulioonekana mmoja umegawanyika mara tatu, na fungu la tatu, ambalo ni kubwa kwa kiasi na jepesi kwa uzito, ndilo ambalo bei inaachiwa uhuru wa kuliamua. Hatifungani ya kijani ya benki ya CRDB ya mwaka 2023, iliyolenga shilingi za Tanzania bilioni 40 ikakusanya zaidi ya bilioni 171, inaishi katika fungu hilo. Ni matini safi ya utanzu wake: miaka mitano, riba ya asilimia 10.25, matumizi ya fedha yametajwa. Lakini kufurika kwake hakukuongeza shilingi hata moja kwenye mtaji wa benki, na anayekusherehekea kama kukua kwa mtaji amechanganya tanzu mbili. Upande wa Kenya, sheria iliyopitishwa Desemba 2024 inaupunguza uhuru huo kwa njia nyingine. Mtaji msingi wa kila benki upande kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 10 ifikapo mwisho wa 2029, hatua ya kwanza ikiwa bilioni 3 mwishoni mwa 2025. Hicho ni kiasi, si uwiano. Benki haiwezi kukifikia kwa kupunguza mikopo, wala kwa kukopa.

Turudi kwenye mizani ya Basel. Kati ya 4.5 na 6 kuna pengo la asilimia 1.5, na pengo hilo ndilo makazi ya utanzu chotara unaotuhusu, hatifungani za mtaji wa ziada wa daraja la kwanza. Kwa sura ni deni: zina riba iliyotajwa na thamani iliyoandikwa, na huuzwa kwa wanunuzi wa madeni. Kwa tabia ni hisa: hazina tarehe ya kukomaa, benki inaweza kuacha kulipa riba bila kuhesabiwa kuwa imevunja mkataba, na mambo yakiharibika hugeuzwa hisa au hufutwa. Benki inaweza kuzinunua tena baada ya angalau miaka mitano, ikipenda. Soko lilikuwa limezoea kudhani kwamba itapenda daima, mpaka benki ya Santander ilipoacha kufanya hivyo Februari 2019 na kuwakumbusha wasomaji kwamba hiari iliyoandikwa ni hiari. Katika nchi nyingi za Ulaya riba ya chotara hizi hupunguza kodi. Mdhibiti anaisoma matini kama mtaji, mtoza kodi anaisoma kama deni, na benki inafaidi masomo yote mawili. Sijui matini nyingine ya kibiashara iliyofanikiwa hivyo katika utata wa makusudi.

Credit Suisse, iliyoanzishwa na Alfred Escher mwaka 1856 kugharimia reli za Uswisi, iliuandika utanzu huu na jirani yake ndani ya miezi michache ya mwisho wa uhai wake. Juni 2022 iliuza hatifungani chotara za dola bilioni 1.65 kwa riba ya asilimia 9.75. Riba hiyo yenyewe ni usimulizi: mnunuzi wa deni haombi kiasi hicho isipokuwa ameanza kujihisi mwanahisa. Mwezi Novemba ikaja zamu ya hisa. Wanahisa waliokuwepo walipewa haki ya kununua hisa mbili mpya kwa kila saba walizonazo, kwa faranga 2.52 kila moja. Wawekezaji teule, Saudi National Bank ikiwa mbele yao, walinunua za kwao kwa faranga 3.82. Jumla ilikuwa faranga bilioni 4. Kwa kipimo cha Myers na Majluf, huu ndio uamuzi ambao kila benki huukimbia, yaani kuuza hisa bei ikiwa chini. Credit Suisse iliuchukua kwa sababu fungu lililohitajika lilikuwa lile la kwanza, lisilokubali deni la aina yoyote.

Na ilifaulu, jambo ambalo husahaulika. Mwisho wa 2022 uwiano wa mtaji wake wa hisa ulikuwa asilimia 14.1, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha chini cha Basel. Lakini katika robo ya mwisho ya mwaka huohuo wateja walikuwa wameondoa mali ya faranga bilioni 110.5. Kinaya cha kisa hiki kimejengwa hapo: benki ilijibu kwa ufasaha swali la mtaji wakati wateja walipokuwa wakiiuliza swali la ukwasi. Tarehe 15 Machi 2023 mwenyekiti wa Saudi National Bank alipoulizwa kama wataongeza fedha alikataa katakata, akitaja kanuni zinazombana mwenye kuvuka asilimia 10 ya umiliki. Hisa ziliporomoka. Siku iliyofuata Credit Suisse ikatangaza kukopa hadi faranga bilioni 50 kutoka Benki Kuu ya Uswisi. Jumapili, tarehe 19, serikali ilitangaza kwamba benki ya UBS imeinunua kwa faranga bilioni 3, hisa moja ya UBS kwa kila 22.48 za Credit Suisse, yaani kama senti 76 za faranga kwa hisa. Jioni hiyohiyo FINMA, mdhibiti wa masoko ya fedha, iliagiza hatifungani chotara zenye thamani ya takriban faranga bilioni 16 zifutwe zote. Wa mwisho katika safu walipata kitu. Waliokaa juu yao hawakupata chochote.

Kifungu kilichowezesha hayo kinastahili kusomwa kwa utulivu kuliko kilivyosomwa juma lile. Muundo wake ni wa milango miwili inayoingia chumba kimoja. Mlango wa kwanza ni wa tarakimu: uwiano wa mtaji wa hisa ukishuka chini ya asilimia 7, hatifungani inafutwa. Hapa msimulizi ni mhasibu, na msomaji anaweza kuhesabu mwenyewe umbali uliobaki. Mlango wa pili hauna tarakimu. Unaitwa tukio la uhai, na hufunguka ama mdhibiti akiamua kwamba bila kufuta benki itaanguka, au benki ikipokea ahadi isiyotenguka ya msaada wa pekee wa umma unaoboresha utoshelevu wa mtaji wake. Msimulizi amebadilika: mhasibu ametoka, ameingia msimulizi mjuzi wa yote, anayejua mwisho wa hadithi kabla ya wahusika. Na chumba chenyewe ni kimoja na hakina dirisha: kufutwa kote, kwa kudumu, bila hisa za kufidia na bila kurejeshewa hata mambo yakitengemaa.

Tazama sasa kisichoandikwa. Hakuna mahali kifungu kinapodai kwamba wanahisa wafutwe kwanza. Ukimya huu ni sehemu ya fani. Katika chotara zinazogeuzwa hisa, mpangilio wa zamu hujilinda wenyewe: mwenye hatifungani anakuwa mwanahisa, na chochote kitakachobaki atakigawana na wanahisa wa zamani, ambao fungu lao limekwisha kupunguzwa. Katika chotara zinazofutwa, mpangilio hautegemei kifungu chenyewe. Unategemea kwamba watu wengine, mahali pengine, watawafuta wanahisa kwa wakati uleule. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Banco Popular ya Hispania Juni 2017, hisa na chotara zilipofutwa pamoja na benki ikauzwa kwa Santander kwa yuro 1. Wasomaji waliichukua Hispania kuwa kaida ya utanzu. Walipoisoma Credit Suisse, waliujaza ukimya wa kifungu kwa upeo wa matarajio waliokuja nao.

Benki Kuu ya Ulaya na wenzake waliharakisha kutetea kaida hiyo. Tamko lao la 20 Machi lilisema kwamba katika eneo lao hisa hubeba hasara kwanza, na chotara hufuata tu baada ya hisa kutumika zote. Tamko hilo lilituliza soko, lakini kama uhakiki wa matini ya Uswisi halikugusa chochote. Lilieleza utanzu ulivyo kwao, na wenye hatifungani walikuwa wamenunua matini, hawakununua utanzu. Kwa muda mrefu hukumu yangu iliishia hapo: kifungu kilisema kilichosema, na walioumia walikuwa wasomaji wa mazoea.

Hukumu hiyo inahitaji kuongezewa ukali, na aliyeuongeza ni Mahakama ya Utawala ya Shirikisho la Uswisi, Oktoba 2025. Katika uamuzi wa sehemu, mahakama ilisema kwamba ufutaji haukuwa na msingi wa kisheria. Sehemu ya hoja inahusu matini ya pili, amri ya dharura ya tarehe 16 Machi iliyoongezewa kifungu 5a siku ileile ya tarehe 19 ili kumpa mdhibiti mamlaka ya kuagiza ufutaji. Kifungu hicho, kwa maoni ya mahakama, hakikubaliki kikatiba. Sehemu inayomvutia mhakiki zaidi inahusu mlango wa pili. Tukio la uhai, ilisema mahakama, halikuwa limetokea, kwa sababu Credit Suisse ilikuwa bado inatimiza masharti ya mtaji, na misaada ya umma ilikuwa ya ukwasi. Rudi kwenye kifungu: msaada unaofungua mlango ni ule unaoboresha utoshelevu wa mtaji. Sharti hilo la mwisho, ambalo msomaji wa haraka hulichukua kama pambo la kisheria, limekaa pale kuzuia mkopo wa ukwasi usihesabiwe kuwa sindano ya mtaji. Wasomaji wa mazoea walikosea kudhani kifungu kinawalinda kwa mpangilio wa zamu. Waliowacheka nao walikisoma nusu.

Kesi haijafika mwisho, kwa kuwa FINMA ilitangaza kukata rufaa. Lakini kwa swali letu kilichobainika kinatosha. Mwandishi wa kifungu alijua tofauti ambayo kamati za mali na madeni huijua kila Jumatatu: benki yenye upungufu wa ukwasi hukopa, benki yenye upungufu wa mtaji huuza hisa, hubakiza faida, hupunguza mikopo au hutoa chotara. Alikitungia kifungu tukio la aina ya pili. Kikatumiwa kwa tukio la aina ya kwanza, kwa sababu Jumapili ile kilikuwa ndicho kilichokuwa mkononi, na kwa sababu kiliongeza faranga bilioni 16 kwenye mtaji wa benki iliyokuwa ikiuzwa, bila mtu yeyote kuandika hundi.

UBS yenyewe ilirudi kwenye utanzu huu Novemba 2023 kwa dola bilioni 3.5, katika mafungu mawili yenye riba ya asilimia 9.25. Nusu asilimia tu inaitenganisha riba hiyo na ile ya Credit Suisse ya Juni 2022. Wanunuzi walikuwa wamelipisha kumbukumbu zao. Uhariri mkuu uko katika kifungu cha mwisho wa msuko. Hatifungani zilitolewa zikiwa za kufutwa, kwa sharti kwamba wanahisa wakiidhinisha mtaji wa akiba zigeuke kuwa za kubadilishwa hisa. Mkutano mkuu wa 2024 uliidhinisha. Sasa mdhibiti akiamuru, mwenye hatifungani ataketi pamoja na mwanahisa badala ya kumtazama akilipwa kutoka nje ya mlango. Kama fani, ni kazi bora kuliko ile iliyoitangulia: mpangilio wa zamu umeingizwa ndani ya kifungu, hautegemei tena ukarimu wa matini nyingine. Kama dawa ya kilichoiua Credit Suisse, haina kazi, maana hakuna kifungu cha mtaji, hata kiandikwe vizuri vipi, kinachomlipa mteja anayetaka amana yake leo.